Umri na Uzito katika Uzazi wa Mwanamume

Maelezo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, London



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha tena hapa London, wengine mkitokea Leicester na Birmingham, wengine Muscat, Toronto na Mombasa, na wengine moja kwa moja kutoka Tanga, ambao baridi ya huku imewapokea bila ya huruma. Naishukuru pia Kamati ya Maandalizi kwa kunipa dakika ishirini, ingawa nilipowatajia mada yangu walitazamana kwanza kabla ya kunikubalia.

Naomba radhi mapema. Humu ukumbini wamo wakwe zangu, na adabu tuliyolelewa nayo haimruhusu mtu kutaja mambo ya uzazi mbele ya mkwewe. Nitajitahidi kutumia maneno ya heshima. Lakini kuyanyamazia mambo haya kumetugharimu, na nitasema kwa namna gani.

Katibu wetu ametunza vizuri daftari la nasaba. Ukilisoma kwa makini utakutana na ndoa kadhaa zilizovunjika, na pembeni pameandikwa neno moja tu: "hakuzaa". Neno hilo liko kwa kike. Sikuona popote palipoandikwa kwamba mume ndiye hakuzaa. Wazee mnakumbuka habari ya ami yetu wa Pangani. Mke wake wa kwanza alirudishwa kwao Muheza baada ya miaka minane, akaolewa na mtu mwingine, akapata watoto wanne. Mjukuu wake mmoja anaishi hapa hapa London na tunasalimiana. Ami alioa tena mara mbili, wala hakupata mtoto. Ilisemwa kwamba amerogwa, zikatafutwa dawa mpaka Unguja. Hakuna aliyemwambia aende Bombo akapimwe. Sisemi haya kwa kuwavunjia heshima marehemu. Nasema kwa sababu mwaka huu vijana wawili wa ukoo huu, wote wanaume, wamenijia kwa siri, mmoja baada ya mwingine, na nyumbani kwao maneno ya pembeni yameshaanza, na yanaelekezwa kwa wake zao.

Mimi si daktari. Nilikuwa mtumishi wa serikali, kwanza wizarani Dar es Salaam, kisha, nilipohamia Uingereza nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, katika ofisi ya halmashauri moja ya hapa London inayoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Nilikaa kwenye meza ile hadi nikastaafu. Sheria ya England humtaka mzazi amwandikishe mtoto ndani ya siku 42, na kila mzazi aliyeketi mbele yangu nilimwuliza tarehe yake ya kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa cha hapa hakionyeshi umri wa wazazi. Tarehe hizo hukusanywa kwa siri, kwa ajili ya takwimu tu. Ndiyo maana watu hawatambui jinsi akina baba walivyozidi kuwa wakubwa. Mwaka 2021 wastani wa umri wa baba wa mtoto aliyezaliwa England na Wales ulikuwa miaka 33.7. Mwaka 2024 walizaliwa watoto 1,076 ambao baba zao walikuwa na miaka 60 na kuendelea, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa 942.

Najua mtu mmoja wa nyuma pale ameshatabasamu. Takwimu kama hizi ndizo hutajwa barazani: fulani kazaa na sabini, basi mwanamume hana mwisho. Lakini waliokuja mezani kwangu walikuwa wale waliofanikiwa. Waliojaribu wakashindwa hawana ofisi ya kuandikishwa.

Sasa nieleze mambo yenyewe yanavyokwenda, kwa kadiri nilivyoyasoma na kuwauliza wanaojua.

Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote, nayo hupungua mwaka hadi mwaka mpaka hedhi inapokoma. Mwanamume hatengenezewi akiba ya namna hiyo. Mbegu zake hutengenezwa upya kila siku tangu balehe hadi uzeeni, na mbegu moja huchukua takriban siku 74 kukamilika, kisha huhitaji siku kadhaa nyingine za kupevuka na kusafiri. Kwa hesabu ya haraka ni miezi mitatu. Mbegu ya leo, kwa hiyo, ni matokeo ya maisha ya mtu miezi mitatu iliyopita: chakula chake, sigara zake, homa aliyougua. Kazi hiyo hufanyika katika korodani, nazo Mwenyezi Mungu aliziweka nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi kati ya 2 na 4 chini ya joto la mwili.

Kuhusu umri, ni kweli kwamba mwanamume hana siku ya kukoma kama alivyo mwanamke. Lakini mlango usiofungwa kwa kishindo unaweza ukafungwa polepole. Kadiri miaka inavyopita maji ya uzazi hupungua, mbegu huogelea kwa uvivu zaidi, na chembechembe za urithi zilizomo ndani yake huwa na mikatiko mingi zaidi. Watafiti waliochunguza maelfu ya mimba katika eneo la Avon, upande wa Bristol, walichapisha mwaka 2000 kwamba kadiri baba alivyokuwa na umri mkubwa ndivyo uwezekano wa mimba kupatikana ndani ya miezi 12 ulivyopungua, hata baada ya umri wa mama kuzingatiwa. Miaka mitatu baadaye madaktari wa Hull walisema kwamba wanaume waliovuka miaka 45, wakilinganishwa na walio chini ya 25, walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne wa kungoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mke kushika mimba.

Kuna jambo jingine, na hili lilinigusa kama karani wa zamani. Tulipokuwa wizarani, kabla ya mashine za kunakilia kuenea, jalada lilinakiliwa kwa mkono au kwa taipu. Nakala ya kwanza ilikuwa safi. Nakala ya nakala ya nakala ilikuwa na jina la mtu limegeuka na tarehe imehama. Seli zinazozalisha mbegu za kiume hujigawa takriban mara 23 kwa mwaka, na kila mgawanyiko ni kunakili upya. Mwaka 2012 watafiti wa Iceland walizichunguza familia 78, wakakuta kwamba kwa kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba, mtoto hupokea mabadiliko mapya takriban mawili katika urithi wake. Baba wa miaka 20 humpa mtoto mabadiliko kama 25. Baba wa miaka 40 humpa kama 65. Mengi ya hayo hayana madhara yoyote. Machache huwa nayo. Hapa hapa London, Profesa Lionel Penrose wa University College alionyesha tangu mwaka 1955 kwamba aina moja ya ufupi wa maumbile, iitwayo akondroplasia, hutokea zaidi kwa watoto wa baba wenye umri mkubwa. Tafiti za baadaye zimeonyesha pia kwamba mimba huharibika mara nyingi zaidi baba anapovuka miaka 40. Nisieleweke vibaya: hata kwa baba mzee, watoto walio wengi huzaliwa wazima, na waliomo humu ni ushahidi. Tena umri wa mama ndio wenye uzito mkubwa zaidi katika hesabu nzima. Ninachokataa ni kuhesabu upande mmoja peke yake.

Sasa uzito, na hapa nadhani ndipo ukoo wetu unapohusika zaidi, maana sahani za mchana huu nimeziona.

Sisi tuliokuwa Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya themanini tunakumbuka foleni za sukari na unga wa yanga. Watu wote walikuwa wembamba. Mwenye kitambi alikuwa ni mtu mwenye njia zake, na ofisini kwetu kitambi kilikuwa karibu sehemu ya sare ya mkurugenzi. Nadhani kumbukumbu ile ndiyo inayotufanya mpaka leo tumsifu kijana aliyerudi nyumbani amenenepa, kwamba Ulaya imempenda. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi. Hapa London kijana wetu anaendesha teksi saa kumi na mbili akiwa ameketi, anakula kuku wa kukaanga na chipsi saa saba za usiku, anashushia kwa soda, na Jumapili shangazi yake anamlisha biriani kwa kumwonea huruma.

Mafuta ya tumboni si mzigo wa kubeba tu. Yanafanya kazi. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoigeuza homoni ya kiume, testosteroni, kuwa estrojeni, ambayo ni homoni ya kike. Estrojeni ikizidi, tezi iliyo chini ya ubongo hudhani kwamba homoni zinatosha, hivyo hupunguza amri zinazopelekwa kwenye korodani, na mbegu hupungua. Aidha, mapaja na tumbo vikinenepa, ule ubaridi niliousema hukosekana. Mtu mnene hukoroma, hukatika pumzi usingizini, na usingizi mbovu hushusha testosteroni. Kisha huja kisukari, ambacho hudhoofisha mishipa na hisia, na hilo akina baba wengi humu wanalielewa bila ya mimi kulifafanua mbele ya wakwe.

Mwaka 2013 yalichapishwa majumuisho ya tafiti 21 zenye wanaume zaidi ya 13,000. Ikilinganishwa na wanaume wa uzito wa kawaida, wanene wa kupindukia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mbegu chache au kutokuwa na mbegu kabisa. Si kila mnene yumo katika hesabu hiyo. Sote tunawajua wanene wenye watoto kumi. Wala wembamba wa kupita kiasi si salama, kwani nao huharibu mizani ya homoni. Lakini mwongozo wa NICE, taasisi inayowaelekeza madaktari wa NHS, unataka mwanamume ambaye kipimo chake cha uzito kwa urefu kimefika 30 aelezwe wazi kwamba huenda uwezo wake wa kuzaa umepungua.

Kipimo hicho ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 92 anakaribia 32. Mnapaswa kujua pia kwamba mwaka 2022 NICE ilisema kwa watu wenye asili ya Afrika, Bara Hindi na Mashariki ya Kati kiwango cha unene wa hatari kihesabiwe kuanzia 27.5, kwa sababu kisukari na maradhi ya moyo hutuwahi sisi mapema. Kwa mtu yule yule wa mita 1.70, hiyo ni kama kilo 80 tu. Asiyependa hesabu achukue kamba. Ajipime urefu kuanzia utosini hadi unyayoni, aikunje ile kamba katikati, aizungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wake, na hapo pana jambo.

Habari njema imetoka Copenhagen. Mwaka 2022 watafiti wa huko walieleza juu ya wanaume 56 wanene waliowekwa kwenye chakula kidogo kwa wiki nane. Walipungua wastani wa kilo 16.5, na kiwango cha mbegu kikapanda kwa karibu nusu ya kilivyokuwa. Waliofanikiwa kuuzuia uzito usirudi, walikuwa bado na nafuu hiyo mwaka mmoja baadaye. Waliouachia ukarudi, nafuu ilipotea. Kuongezeka kwa mbegu si hakikisho la mtoto, na watafiti hawakudai hivyo. Lakini umri hakuna awezaye kuupunguza, na uzito unapungua, tena matokeo yanaweza kuonekana ndani ya ile miezi mitatu.

Niwageukie kidogo vijana wa ukumbi wa mazoezi, ambao wataniambia wao hawana kitambi. Zipo sindano na vidonge vya testosteroni vinavyouzwa kichinichini ili misuli ijae. Homoni ya kutoka nje huufanya ubongo usitishe amri zake kwa korodani, na mbegu zinaweza kukoma kabisa. Kuna mtu ana kifua kama mlango wa ngome na hana mbegu hata moja. Mara nyingi hurudi akiacha, lakini huweza kuchukua miezi mingi, na baadhi hawarudii hali yao ya awali. Sigara nayo huharibu mbegu, na hilo halina mjadala.

Zipo sababu nyingine ambazo hazihusiani na umri wala uzito, na sitazipitia zote: mishipa iliyovimba kwenye korodani, matumbwitumbwi yaliyompata mtu baada ya balehe, na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa. Wakati wa ukoloni, Buhaya na Buganda zilijulikana kwa uzazi mdogo, na magonjwa hayo yalihusishwa sana na hali hiyo. Busha, ambalo wazee wetu wa pwani walilizoea, si lazima liwe utasa. Wengi waliokuwa nalo walishapata watoto wao.

Lini mtu aende hospitali? NICE inasema kati ya wenzi mia ambao mke hajafika miaka 40, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga, na nusu ya waliobaki hupata mwaka wa pili. Mwaka ukipita, wote wawili waende kwa daktari wao. Mke akiwa amefika miaka 36, au pakiwa na sababu inayojulikana, wasingoje mwaka. Kipimo cha mume ndicho chepesi kuliko vyote: hukaa siku kati ya 2 na 7 bila ya kukutana na mkewe, kisha hutoa mbegu katika chupa ya maabara, nazo zipimwe ndani ya saa moja. Hakuna kisu wala sindano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja milioni 16 kwa kila mililita kuwa kiwango cha chini cha marejeo. Jibu la kwanza likiwa baya, kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu, na mnaikumbuka sababu yake. Mke, kwa upande wake, atapigwa picha, atatolewa damu, huenda akapitishiwa vifaa tumboni. Kumwanza yeye na kumwacha mume nyumbani ni kinyume cha akili hata kwa hesabu ya gharama.

Tiba zipo. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Brussels walipotangaza njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano nyembamba, wanaume wengi wenye mbegu chache wamepata watoto wao wenyewe. Lakini ni tiba ya gharama, NHS hailipii kwa kila mtu, na masharti hutofautiana mtaa kwa mtaa. Tena sisi tunachelewa. Mwaka 2021 HFEA, mamlaka inayosimamia tiba hizi Uingereza, ilieleza kwamba wagonjwa weusi huanza tiba wakiwa na umri mkubwa kuliko wengine na hufanikiwa kidogo zaidi. Ziko sababu nyingi za hilo, nyingine si za kwetu. Lakini miaka inayopotea nyumbani wakati mume anakataa kupimwa ni ya kwetu wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo mawili. La kwanza halina gharama: katika daftari la nasaba, neno lile "hakuzaa" lifutwe mbele ya majina yote, ya waliokufa na ya walio hai, na Katibu asiliandike tena. Wajukuu wa yule mke wa ami wanaweza siku moja kulisoma.

La pili ni la fedha. Mfuko wetu wa kusaidiana tangu uanzishwe umetumika kwa misiba tu, kusafirisha maiti na kulisha matanga, na umefanya kazi njema. Naomba sehemu ndogo ya mfuko huo itengwe kwa ajili ya kipimo cha kwanza cha wanandoa wowote wa ukoo walioko Tanga, Mombasa au popote ambapo hakuna NHS, kwa sharti moja: fedha zitolewe kwa wote wawili, mume na mke, kwa siku moja, na Mweka Hazina asiulize majibu. Nimeliandika kwa ukamilifu, karatasi ninayo hapa, na litajadiliwa mchana huu baada ya hesabu za mwaka.

Kamba na mkasi nimeviweka mezani, karibu na birika la chai. Akina ami na wajomba tutangulie sisi, vijana watafuata.